Aliyekupa Maji ya Bugga

Mwanangu Zaituni,

Mama yako amekupeleka Nakasero kununua vitu vya safari, na mwanao Rajabu mmeondoka naye mgongoni, kwa hiyo nyumba imebaki na mimi na redio. Redio nimeizima. Nina nafasi mpaka mtakaporudi, na ninavyomjua mama yako na wauza viazi wa soko lile, nafasi hiyo si ndogo.

Kesho asubuhi unapanda basi kumfuata mumeo Arua. Habari za safari sikuandikii. Mama yako ameshakueleza namna ya kufunga mizigo, nguo zipi za mtoto zikae juu kwenye begi, na pale basi linaposimama ujihadhari na nani. Amezieleza mpaka mimi nisiyesafiri nimezikariri. Mimi nina jambo moja ambalo hakuna mwingine awezaye kukuambia. Nimelikalia tangu ulipokuwa mchanga kuliko Rajabu alivyo sasa. Ni jambo la aibu, na aibu yenyewe ni yangu, si ya yule uliyeambiwa.

Nianze na juzi. Mama yako alichemsha dodo, ule mchicha wa kijani, akaiponda pamoja na matoke mpaka ikalainika, akakupa bakuli na kijiko. Rajabu ametimiza miezi sita, na nesi wa kliniki amekwambia kwamba sasa, juu ya kunyonya, aanze kula vyakula vingine na mboga za majani zikiwemo. Wewe ukachota, ukashika kile kijiko hewani. Mtoto amefungua mdomo, anakungoja, wewe hupeleki. Mwisho ukakirudisha kwenye bakuli.

"Mama, mimi siwezi. Wacha yeye akule uji tu."

"Mpaka lini?" mama yako akauliza.

"Majani ilitaka kuniua mimi. Kwa huyu siweki." Kisha ukanigeukia. "Na Baba, Arua nitaenda, lakini kwa yule senga wangu siendi. Hata maji yake mtoto wangu hatakunywa."

Nikasema nakwenda kunyoosha miguu. Nikateremka mpaka bandarini Port Bell, nikasimama kutazama mabehewa yakiingizwa melini, nikapanda tena kilima kurudi nyumbani. Mzee mzima, askari magereza mstaafu, nimekimbia bakuli la mboga. Uliponiuliza kama nimeugua nikasema ni jua.

Zaituni, hadithi uliyokua nayo naijua neno kwa neno, kwa sababu kila iliposimuliwa nilikuwa nimekaa pale pale nikikoroga chai. Kwamba ulipokuwa na miezi mitatu, dada yangu Ayikoru, huyo unayemwita senga, alikupa maji ya majani ukakaribia kufa. Kwamba alifanya hivyo kwa sababu hakujaliwa mtoto na alimwonea mama yako kijicho. Nusu ya kwanza ina ukweli ndani yake. Maji ya majani ulikunywa, na ulikaribia kufa. Aliyekupa ni mimi.

Nimeandika. Nilidhani mkono ungekataa.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, bila kujipamba. Tulikuwa tunakaa Luzira kambini, kwenye zile nyumba za askari zinazopakana ukuta kwa ukuta, ambapo jirani akikohoa wewe ndiye unayesema pole. Mama yako alipata jipu la titi. Likavimba mpaka akawa anatetemeka kwa homa, wakamlaza hospitali kubwa ya mjini, wakampasua. Wewe ukabaki nyumbani kwa maziwa ya kopo. Mimi nikampigia simu dada yangu, akaacha shamba lake la mihogo, akaja na basi la usiku, asubuhi akashuka na mkoba mmoja na kuku wawili. Alikupakata kabla hajanisalimia.

Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimepandishwa kuwa sajini. Ungeniona siku zile ungecheka. Viatu vyangu viling'aa mpaka kambi nzima ikanitania. Kazini nilikuwa nikisema neno, linafuatwa, na nyumbani nikadhani mambo ni hayo hayo. Jioni moja jirani yetu, koplo mmoja mwenye watoto wengi na maneno mengi zaidi, alikutazama viganja vyako akatikisa kichwa.

"Afande, mutoto yako hana damu. Iko mweupe sana. Tafuta bugga. Chemsha, maji yake ile nyekundu ndiyo damu yenyewe."

Bugga unaijua, ule mchicha mwekundu. Wazee wa hapa huwapa wanawake waliojifungua na watu waliotoka hospitali, na mtu mzima akila hapati neno. Ukiichemsha maji yake yanakuwa mekundu kabisa, na mimi nikayatazama yale maji kwenye sufuria nikasema naam, hii ni damu, macho hayadanganyi. Ndivyo nilivyofikiri, mwanangu. Damu ni nyekundu na maji haya ni mekundu, basi hesabu imekwisha. Kukupeleka kupimwa sikukupeleka. Kuuliza nesi sikuuliza, ingawa kila siku nilikuwa nikienda hospitali kumwona mama yako na manesi wamejaa pale. Sajini anauliza nesi kitu gani?

Mboga nilinunua Namuwongo, nikitoka kumwona mama yako, kwa mama mmoja aliyekuwa akilima kando ya mfereji karibu na reli. Nikachemsha mwenyewe. Dada yangu akaja akasimama mlangoni na wewe begani.

"Kaka, hiyo ya nani?"

"Ya mtoto. Aongeze damu."

"Mtoto hii? Kaka, hii bado kidogo sana. Wacha maziwa peke yake. Majani itakuja ikifika siku yake."

Nikamwambia yeye hajazaa, habari za watoto atazijua wapi. Nilimwambia hivyo, Zaituni. Maneno ambayo baadaye wanawake wa kambi waliyasema nyuma yake, mimi niliyasema kwanza, mbele yake, ndani ya nyumba yangu, na yeye amekupakata. Alienda kukulaza.

Yale maji nikayamimina kwenye flaski ya chai, nikafunga, ili yabaki na uvuguvugu mpaka asubuhi. Nilijiona nina akili sana. Kumbe hapo ndipo nilipoharibu zaidi, kama daktari alivyokuja kusema. Asubuhi dada yangu akaondoka mapema kumpelekea mama yako uji hospitali. Kabla ya kutoka aliiona flaski mezani, akaifungua, akanusa, akanitazama. "Kaka, tafadhali," akasema. Nikamwambia atachelewa gari.

Alipotoka nikachanganya maji ya bugga na maziwa ya kopo, nikakunywesha kwa chupa. Ulikunywa yote. Baadaye ukalia, nikakuongezea nyingine. Nilikuwa na zamu ya mchana, kwa hiyo nikavaa sare kabisa, nikakaa namngojea dada yangu arudi. Ndipo nikaona midomo yako. Ilikuwa ya majivu. Nikadhani ni kivuli cha dirisha, nikakutoa nje juani, na juani ilikuwa vile vile, na kucha nazo. Homa huna. Kukohoa hukohoi. Ulikuwa umelegea tu, na unapumua haraka. Mke wa koplo alipokuona alipiga ukunga.

Nikapanda boda boda na wewe kifuani mpaka hospitali ile ile alimolazwa mama yako. Chumba cha dharura kilijaa watu. Kwenye kitanda cha pembeni alikuwepo mfungwa mmoja amefungwa pingu kwenye chuma, analindwa na askari wa chini yangu, mtu mzima kunizidi umri. Aliponiona akasimama akanipigia saluti. Natamani nikwambie kwamba sikuijali ile saluti. Niliijali. Nilinyoosha mgongo, na wewe uko mikononi mwangu huna rangi.

Nesi akakuwekea oksijeni. "Afande, mtoto alikula nini leo?"

"Maziwa."

"Maziwa tu?"

"Maziwa tu, sista."

Mimi nimefanya kazi miaka mingi na wafungwa, na kati yao sikukutana na mwenye kosa, wote walionewa. Tulikuwa tukiwacheka sana. Siku ile nilisema uongo wepesi kuliko wao wote, na wao angalau walikuwa wanajiokoa na kifungo. Mimi nilikuwa najiokoa na nini? Na kuonekana mjinga mbele ya askari wa chini yangu na nesi nisiyemjua jina.

Oksijeni haikukubadilisha. Akaja daktari, mwanamke kijana, mkali. Akakuchoma sindano akavuta damu, akainyanyua kwenye mwanga. Nikaiona, Zaituni. Haikuwa nyekundu. Ilikuwa ya kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea. Mimi niliyetafuta damu nyekundu mpaka Namuwongo, nikaiona damu ya mwanangu imegeuka rangi kwenye bomba la sindano.

"Hii damu imeharibiwa na kitu," daktari akasema. "Hewa tunampa lakini damu yake haibebi. Afande, huyu mtoto amepewa kitu. Dawa ya kienyeji? Maji ya kisima? Nikijua sasa nitajua dawa ya kumpa."

Nilijua jibu. Lilikuwa mdomoni. Nikasema, "Mimi natoka kazini. Nyumbani amebaki na dada yangu."

Soma sentensi hiyo vizuri, kwa sababu ndiyo iliyokulea. Nilikuwa na sare, nani angebisha? Na haikuishia hapo, kwani dada yangu alikuwa ndani ya hospitali ile ile. Mtu alikuwa amekimbia kumwita wodini kwa mama yako. Akaingia anahema, na nyuma yake mama yako anakuja taratibu ameshika ukuta, bandeji kifuani. Daktari akamgeukia dada yangu.

"Wewe ndiye uliyebaki na mtoto? Ulimpa nini?"

Ayikoru akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Nimewahi kujiambia kwamba kama angenipa nafasi kidogo zaidi ningesema. Si kweli. Alinisubiri, alikutazama wewe pale kitandani, akaona baba yako hasemi na hatasema, na rangi yako inazidi kwenda.

"Daktari, ni maji ya bugga," akasema. "Ililala ndani ya flaski usiku yote. Nilichanganya na maziwa, nilimpea asubuhi. Ni mimi."

Daktari hakungoja neno la pili. Dawa ilitafutwa, ikapatikana wodi nyingine, ya buluu, wakakuingizia kwenye mshipa. Nilidhani wamekosea, maana ilifanana na wino. Haikupita muda mrefu midomo yako ikaanza kurudi, kwanza pembeni, halafu katikati, na ukalia kwa hasira. Mama yako alikaa sakafuni. Aliponyanyua uso alimtazama dada yangu, akasema taratibu kabisa, "Ayikoru, mwanangu alikukosea nini?"

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa karibu nao kiasi cha kuweza kuwagusa wote wawili.

Kwa hiyo usimlaumu mama yako kwa aliyokusimulia. Alisikia kwa masikio yake mtu anakiri. Habari ya kijicho aliongezewa na wanawake waliokuja kumpa pole, na mtu mwenye jipu la titi na mtoto aliyenusurika hana nguvu ya kuchuja maneno. Aliyekuwa na nguvu ni mimi.

Daktari alimfundisha Ayikoru pale pale, amesimama mbele yake ameinamisha kichwa kama mkosaji, na mimi kando nasikiliza mafunzo yaliyokuwa yangu. Nimeyashika yote. Alisema mtoto wa miezi mitatu hapewi kitu ila maziwa, hata maji matupu hana haja nayo. Alisema mboga za majani zina chumvichumvi fulani inayotoka ardhini, isiyomdhuru mkubwa, lakini majani au maji yake yakipikwa yakalala, hasa kwenye joto kama lile la flaski, inageuka, na ikiingia kwa mtoto mchanga damu inashindwa kubeba hewa. Alisema si sumu ya mtu wala jicho la mtu. Neno hilo alilisema wazi, na mama yako hakulisikia kwa sababu alikuwa amekuinamia wewe. Mimi nililisikia.

Na dada yangu, yule ambaye lawama zote zilikuwa zimemwangukia, ndiye aliyeuliza: "Sasa daktari, huyu asile majani tena?" Daktari akacheka kidogo. Akasema atakula, tena ni lazima ale, mwili utayahitaji. Akitimiza miezi sita, aanze.

Ndiyo maana juzi nilikimbia. Nilikuona umeshika kile kijiko kwa hofu niliyokurithisha mimi. Majani hayakutaka kukuua, mwanangu. Kilichotaka kukuua ni majani kabla ya wakati wake, maji yaliyolala, na baba asiyeulizika. Rajabu amefika umri. Mpe. Nidai bei yoyote utakayo kwa neno hili, lakini mpe. Chuma au nunua dodo mbichi ya siku hiyo, na uliza imelimwa wapi. Ya kando ya mfereji wa maji machafu iache, hata ikiwa imenona. Ioshe kwa maji safi zaidi ya mara moja, toa vijiti, ipike mpaka ilainike, iponde, umwanzishe kwa kijiko kidogo kimoja au viwili, peke yake au ndani ya chakula alichokwisha kuzoea, umtazame siku chache kabla ya kumletea kitu kingine kipya. Apewe kwa kijiko, siyo kwenye chupa. Kinachobaki kula wewe au mwaga, kisilale. Maji ya mboga usiyatunze, wala usichanganyie maziwa wala uji wake. Na kunyonya kuendelee. Ukiona midomo inabadilika rangi, au chochote kinachokutisha, kimbia hospitali, na ukiulizwa amekula nini, sema. Hata kama ni ujinga, hata kama wanaokusikia ni wengi. Hilo la mwisho ndilo ninalolijua kuliko yote, kwa sababu sikulifanya.

Baada ya wewe kutoka hospitali nilimsindikiza Ayikoru stendi. Mama yako alikuwa amesema asimkute nyumbani. Nilimbebea mkoba. Njia nzima sikufungua mdomo, mpaka basi limewasha injini ndipo nikasema, "Dada, nisamehe."

"Pale hospitali hakukuwa na nafasi, mtoto alikuwa anaenda," akasema. "Sasa nafasi iko. Utaongea wewe mwenyewe na mke wako."

"Nitaongea."

Sikuongea. Kwanza nikasema mama yako bado mgonjwa, nisimtie uchungu. Alipopona nikasema amesahau, nisimkumbushe. Wewe ulipoanza kuelewa maneno nikasema nitakuharibia imani na baba yako. Ulipokua nikasema sasa imeshakuwa zamani. Sababu hazikuniishia hata siku moja. Mwaka ukigeuka nami ninapata mpya. Wahenga wana usemi kwamba majuto ni mjukuu. Wangu anakaa kwa kuegemezwa mto na anakula uji mtupu.

Kuna siku moja ninayoiona nikifumba macho. Ni ile tulipokwenda Arua kumzika babu yako. Ulikuwa msichana mkubwa. Ayikoru alikuwa akipakua chakula kwa watu, na ulipofika mbele yake aliacha wengine wote, akakuchagulia sahani, akakuwekea kunde alizozipika mwenyewe kwa simsim, akakupa kwa mikono miwili huku amepiga goti kidogo, yeye shangazi kwako wewe mtoto. Ukasema, "Mama amenikataza kula kwa mkono wako." Ukaiweka sahani chini, kwenye vumbi. Hukusema kwa ubaya. Ulisema kama mtoto anayefuata alichofundishwa.

Mimi nilikuwa hatua chache nyuma yako. Unajua nilichosema? Nilisema, "Zaituni, msalimie shangazi yako." Basi. Adabu ndogo nikaikumbuka. Yeye akaokota ile sahani, akaifuta, akampa mtu mwingine, akaendelea kupakua. Sikumwona akilia. Walionieleza kwamba alilia ni majirani zake, mwaka uliofuata.

Nakuomba radhi kwa siku hiyo kuliko hata kwa ile chupa. Chupa ilikuwa ujinga, na mjinga anaweza kufundishwa. Sahani ile nilikuwa najua.

Leo asubuhi, mlipokuwa mnafunga mizigo, nilitoka nje nikampigia. Tulikuwa hatujazungumza tangu Idi, na hata hiyo Idi ilikuwa salamu tu. Nikamwambia unahamia Arua, una mtoto wa kiume. Akasema amesikia kwa watu. Nikamwambia nataka kukueleza yote, lakini kwanza nimwombe ruhusa, pengine hapendi mambo yale yafukuliwe, pengine tungoje mpaka uzoee mji, nimtafutie maneno mazuri. Bado nilikuwa naitafuta njia ya kuchelewa, unaona.

"Huyo mtoto anakula majani?" akauliza.

"Hapana. Mama yake anaogopa."

"Kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu yangu," nikasema.

"Basi mwambie leo, kaka. Mimi nimengoja, nimezoea. Mtoto hawezi kungoja."

Ndiyo maana nimekaa hapa naandika. Sikuthubutu kukwambia kwa mdomo. Najijua, ningeanza vizuri halafu mama yako angeingia na sufuria nikasema ni jua. Barua hii siifichi kwenye begi lako. Naiacha wazi juu ya meza, na mkirudi sokoni nitamwambia mama yako aisome kwanza yeye, nikiwa nimekaa mbele yake. Atakachonifanya ni haki yake. Ukisikia sauti bado zimepanda usiingilie, endelea na Rajabu.

Nimemwambia Ayikoru saa ya basi lako. Atakuja stendi ya Arua, hata akikuona kwa mbali. Hajui kama utamsalimia, na mimi sikumwahidi kitu, sina haki ya kuahidi kwa mdomo wako. Kama moyo utakupa, mpe Rajabu amshike. Kama hautakupa, wala sikulazimishi, miaka yote hii haifutwi na karatasi. Lakini siku moja mtoto atakuuliza kwa nini bibi yule husimama mbali. Usimwambie ni kwa sababu ya majani, wala ya jicho. Mwambie ni kwa sababu babu yake aliulizwa akanyamaza.

Baba yako,
ambaye angeomba umsamehe, ila foleni inaanza na shangazi yako.